Shirakawa-go: Nyumba Zilizosimamishwa na Ujirani

Katikati ya kisiwa cha Honshu, Japani, mto Sho unapita kwenye bonde jembamba chini ya Mlima Haku, wenye urefu wa mita 2,702. Pepo za unyevu kutoka Bahari ya Japani hugonga milima hii na kumwaga theluji inayopita kimo cha mtu. Kwa karne nyingi, kila majira ya baridi yalipoingia, vijiji vya Shirakawa-go na Gokayama vilikatiwa njia.

Mashamba ya mpunga yalikuwa haba, hivyo nyumba ikageuzwa kiwanda. Darini walifugwa viwavi wa hariri, wakilishwa majani ya mforosadi. Gokayama, chini ya sakafu, yalichimbwa mashimo kando ya jiko, yakajazwa tabaka za udongo, majani na kinyesi cha viwavi. Baada ya kuoza miaka kadhaa, udongo ulichujwa kwa maji na kuchemshwa, ukatoa shura ya kutengenezea baruti. Shura hiyo ilipelekwa Kanazawa kwa ukoo wa Maeda, watawala wa Kaga, na ugumu wa kufika milimani ulisaidia kuilinda siri.

Paa la nyasi lina mwinuko wa nyuzi 60 hivi, mfano wa viganja vilivyounganishwa katika sala, ili theluji iporomoke. Miti ya paa imefungwa kwa kamba na fito zilizosokotwa, bila misumari. Moshi wa jiko hukausha nyasi na kufukuza wadudu.

Hata hivyo, paa hilo huchakaa katika miaka 30 hadi 40, na hakuna kaya inayomudu kuliezeka peke yake. Hapo ndipo ujima unaoitwa yui ulipoingia. Watu zaidi ya mia hupanda juu na kumaliza upande mzima kwa siku moja au mbili. Daftari huandika nani alileta nyasi, nani kamba, nani nguvu zake, na zamu ya mwenzako ikifika, unalipa kwa jasho.

Karne ya 20 nusura ivimalize vijiji hivi. Shura ya Chile ilikuwa imeshaua soko, hariri nayo ikaanguka, na bwawa la Miboro, lililokamilika mwaka 1961, likazamisha makazi ya jirani. Nyumba nyingi ziliuzwa au kubomolewa. Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi, kijiji cha Shirakawa-go, waliweka ahadi: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Serikali ilikitambua kijiji mwaka 1976, na mwaka 1995 UNESCO ikaviingiza Ogimachi, pamoja na Ainokura na Suganuma vya Gokayama, katika Urithi wa Dunia.

Sifa hiyo ilifika miaka 24 baada ya ahadi. Anayetaka kuhifadhi majengo ya kale na aanzie hapo: kwa wenye nyumba, waliokubaliana kabla UNESCO haijabisha hodi.