Jiwe la Punje Lisilo na Punje

Ukitaja kimondo hapa Sumbawanga, msikilizaji anawaza Mbozi na lile pande la chuma. Kumbe kimondo pia ni ule mwali unaokata anga usiku na kutoweka. Mwali na jiwe, jina moja. Mimi ningeuachia mwali neno lake, kinachookotwa kiitwe jiwe la kimondo.

Tunalo jingine, dogo, ambalo halina hata bango la barabarani. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka Ivuna, bondeni kusini mwa Ziwa Rukwa: jeusi, gramu 700 hivi. Wanasayansi wameliweka kundi la CI, na hiyo I ni Ivuna. Kijiji chetu kimekuwa herufi, nasi tunaisoma “ai”.

Jiwe la aina hii huitwa kondraiti, jina lililotoka kwa Wagiriki, kwenye neno lao la punje. Apepetaye ulezi Ufipa, makapi yakiruka na punje zikibaki kwenye ungo, hahitaji Mgiriki. Basi, jiwe la punje. Lakini pasua Ivuna: punje huzioni! Maji yalilila jiwe huko huko angani, likawa karibu udongo mtupu. Limebaki miongoni mwa kondraiti kwa asili yake: ukiacha gesi, elementi zake zimepimana karibu sawa na za Jua.

Na ile C ya CI ni kaboni. Ukisema “jiwe la makaa”, mwenyeji atakuelekeza Namwele kwenye makaa ya mawe. “Masizi” yanafaa kwa rangi, ila masizi ni mtoto wa moto, na hili halikupikwa. Hapa nasalimu amri: kaboni.

Kondraiti hupewa pia namba, 1 hadi 6, ambazo hazimwambii mtu kitu. Twende jikoni. Namba 3 ni bichi. Kuanzia 4 limeokwa, na 6 limeokwa hasa. Ukirudi nyuma, 2 limelowa. 1, ndilo Ivuna, limelowa chapachapa.

Na kundi lenyewe la CI tuliiteje? “Kiivuna” litadhaniwa lugha, “Mwivuna” ni mkazi wa huko. Napendekeza ivuna, wingi maivuna, likae ngeli moja na jiwe na mawe. Lijaribu mdomoni: ivuna la Orgueil liliangukia Ufaransa mwaka 1864, na mchanga wa asteroidi Ryugu, ulioletwa na chombo cha Wajapani mwaka 2020, umefanana mno na maivuna.