Harmonize: Alivyotoka WCB na albamu aliyoitoa kwa mkono wake

Msanii akitoka kwenye lebo, watu huuliza kagombana na nani. Swali lenye faida zaidi ni katoka na nini. Katika muziki wa Kiswahili wa miaka hii, kisa kinacholijibu swali hilo waziwazi ni cha Harmonize, aliyeiacha WCB Wasafi mwaka 2019 na miezi michache baadaye akatoa albamu yake ya kwanza, Afro East, chini ya kampuni yake mwenyewe.

Jina lake halisi ni Rajab Abdul Kahali, mzaliwa wa mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Ni Mmakonde, na ndiko lilikotoka jina la Konde Boy, na la kampuni yake Konde Music Worldwide, ambayo mashabiki huiita Konde Gang. Wasomaji wa Kwale hawahitaji kuelezwa Wamakonde ni nani. Wameishi nao tangu enzi za mashamba ya mkonge na miwa, na tangu 2017 wanahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Diamond Platnumz, mwenye WCB, alimchukua mwaka 2015 na wimbo wa Aiyola ukamtambulisha. Ukaja Bado mwaka 2016, kisha Kwangwaru mwaka 2018, zote mbili akiwa na Diamond mwenyewe. Kwangwaru ulipigwa kwenye matatu na harusi za huku kwetu hadi wengine tukauchoka. Agosti 2019 meneja wa WCB, Sallam SK, alithibitisha kuwa Harmonize ameomba kuuvunja mkataba.

Baadaye mwaka huohuo Harmonize alieleza mwenyewe bei ya mlango. Alisema mkataba ulimtaka alipe shilingi milioni 500 za Tanzania ili aachiwe, pamoja na haki ya nyimbo zake na kulitumia jina lake la kisanii, na kwamba ilimlazimu auze nyumba zake ili azipate. Hayo ni maelezo ya upande mmoja. Haki isemwe pia kwamba lebo ndiyo iliyolipia studio, video na safari za kijana ambaye hakuwa akijulikana, na mwenye mtaji hutaka mtaji wake urudi. Lakini tazama kinachouzwa hapo. Si nyimbo peke yake, ni jina. Mtu kukombolea jina analoitwa na watu barabarani ni jambo la kumfanya kijana yeyote asome karatasi mara mbili kabla hajaweka sahihi.

Afro East ilizinduliwa katikati ya Machi 2020 ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, Rais mstaafu Jakaya Kikwete akihudhuria. Ilikuwa na nyimbo 18, na Lady Jaydee alikuwa miongoni mwa walioshirikishwa. Wakati ulikuwa mbaya. Tarehe 16 Machi Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na nchi jirani zikafunga kumbi na mipaka. Msanii wa kujitegemea hana wa kumkopesha akingoja. Pesa yake ya haraka ni shoo, na shoo ndizo zilizokufa kwanza.

Kabla ya hapo alishaonja upande mwingine wa kujitegemea. Wimbo wake Uno uliondolewa YouTube kwa muda baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba mdundo wake umetumiwa bila idhini. Ukiwa ndani ya lebo, kesi kama hiyo inashughulikiwa na ofisi. Ukiwa nje, ofisi ni wewe.

Pwani jambo hili si geni, ila majina yamebadilika. Mombasa ilikuwa na Assanand & Sons waliotoa santuri za Mzuri, kisha Mbwana Radio Service na kanda zake za taarab. Msikilizaji alilijua duka na aliijua sauti. Rekodi yenyewe ni mali ya nani, wengi hatukuuliza.

Anayetaka kulielewa jambo hili bila maneno ya kisheria na amtazame mkulima wa ndizi wa Kanyakine, kule Imenti Kusini, Meru. Dalali akija shambani hununua mkungu, na shina hubaki la mkulima, lizae tena. Msanii aliyetia sahihi asichokisoma huenda ameuza shina. Rekodi ya kwanza, ile watu wa studio waiitayo masta, ndiyo shina lenyewe, na wimbo ukipigwa miaka 20 baadaye mwenye masta ni miongoni mwa wanaolipwa. Kijana wa Kanyakine anayeimba Kimeru, akajilipia studio na kupakia wimbo wake mwenyewe, ana wasikilizaji wachache kuliko msanii wa lebo kubwa, lakini shina ni lake.

Kwa Kenya tofauti hiyo ina hesabu. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yanasema kwamba katika mapato ya miito ya simu, kama Skiza, msanii au mwenye hakimiliki asipate pungufu ya asilimia 52. Neno zito hapo ni “au”. Kama hakimiliki iliandikwa kwa jina la lebo, asilimia hizo 52 zinaingia kwanza mfuko mwingine, na wewe unarudi kwenye mkataba wako kuona umeachiwa nini.

Harmonize hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kuondoka WCB. Rich Mavoko alitangulia mwaka 2018. Rayvanny, mshindi wa tuzo ya BET ya mwaka 2017, alifuata Julai 2022 akiwa tayari na lebo yake, Next Level Music. Harmonize naye aliendelea na albamu ya High School mwaka 2021 na Made For Us mwaka 2022, na akasajili wasanii chini yake. Hapo ndipo kisa kinapogeuka. Ibraah, kijana wa Mtwara aliyetambulishwa Konde Gang mwaka 2020, alilalamika hadharani Mei 2025 kwamba ili aachiwe anatakiwa alipe shilingi bilioni 1, akawaomba Watanzania wamchangie. Bilioni 1 ni mara mbili ya kile Harmonize alichosema alitozwa yeye.