Nyota Yenye Jina la Msaidizi

Hebu soma jina hili kinyumenyume: Rotanev. Umepata? Venator. Sasa jirani yake, Sualocin. Inakuwa Nicolaus. Ziunganishe: Nicolaus Venator. Hizo ni nyota mbili za kundi la Pomboo, na huyo hakuwa mungu wala shujaa wa hekaya. Alikuwa msaidizi.

Jina lake halisi ni Niccolò Cacciatore, na bosi wake alikuwa Giuseppe Piazzi, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Palermo, kule Sicilia. Cacciatore ni mwindaji kwa Kiitaliano, Venator ni mwindaji kwa Kilatini. Mwaka 1814 kituo kilichapisha orodha ya nyota 7,646, na ndani yake yakajitokeza majina hayo mawili ya ajabu. Baadaye mchungaji Mwingereza, Thomas Webb, ndiye aliyefumbua fumbo kwa kuyasoma kutoka nyuma.

Watu wengi wakifika hapo wanacheka, wanasonga. Mimi nasema ngoja kwanza. Nyota 7,646 hazijipangi zenyewe. Kuna mtu alikesha, akapima, akapiga hesabu, akarudia tena. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya Cacciatore, lakini orodha inajulikana kuwa ya Piazzi. Sisi tunaoandikia watu skripti na kuwahariria video tunalijua hili vizuri. Kazi inasambaa, watu wanapongeza, na jina lako halipo popote.

Halafu Rotanev yenyewe ina siri nyingine. Ukiitazama kwa macho ni nyota moja, tena ndiyo inayong'aa kuliko zote katika Pomboo. Kumbe ni mbili! Aliyeligundua hilo, mwaka 1873, ni Mmarekani Sherburne Wesley Burnham. Na huyu naye hakuwa profesa. Mchana alikuwa karani mahakamani Chicago, akinakili kesi kwa hati mkato. Usiku alikuwa na darubini yake ya inchi 6. Chuo kikuu hakupitia. Mwanzoni mwongozo wake mkubwa ulikuwa kitabu cha yule yule Webb.

Nyota hizo mbili, kila moja nzito kuliko Jua letu, huzungukana mara moja kwa miaka 27 hivi. Ziko umbali wa miaka ya nuru kama 100. Yaani mwanga unaouona leo uliondoka huko wakati Kenya bado iko chini ya mkoloni.

Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha rasmi majina Rotanev na Sualocin. Burnham hakupewa jina la nyota hata moja kati ya hizo. Yeye ana herufi mbili tu, BU, zinazowekwa mbele ya namba ya kila jozi aliyoigundua. Jozi hizo ni zaidi ya elfu moja.

Kuna wanaosema Cacciatore alipata jina kwa ujanja. Kwangu mimi, mtu aliyefanya kazi akitajwa, hata kinyumenyume, hiyo si ujanja, ni haki iliyochelewa. Aibu ni kwamba ilibidi ifichwe.

Kati ya Agosti na Oktoba, jioni, tafuta almasi ndogo ya nyota nne karibu na Altair. Ukiiona, niambie: wewe ungechagua jina moja, au jozi elfu moja na herufi mbili?