Karibuni, Herufi Nane

Mwaka 2012 tulilala watu wanane katika chumba cha hosteli chenye vitanda vinne, jijini Dar es Salaam. Wanne walikuwa na chumba kihalali. Wanne tulikuwa tumebebwa. Aliyesoma chuo miaka ile hahitaji kuelezwa neno hili, lakini kwa ambaye hakupitia huko: kubebwa ni kulala kwenye kitanda cha mwenzako kwa sababu wewe hukupata nafasi hosteli, na pesa ya kupanga mtaani huna. Mimi nilibebwa na kijana wa Kasulu aliyekuwa akisoma hisabati. Kitanda chake kilikuwa chembamba, kwa hiyo tulilala mzungu wa nne, miguu yangu kichwani kwake na yake kichwani kwangu.

Mimi nami nilikuwa na kitu ambacho chumba kizima hakikuwa nacho. Mjomba alikuwa amenipa laptopu, na bumu lilipotoka nilikwenda Kariakoo nikanunua modemu. Niliifunga kwenye waya wa USB nikaining'iniza dirishani, maana ndani ya chumba mawimbi yalikuwa hafifu. Wenzangu walikuwa na simu zenye Wi-Fi, wawili walikuwa na laptopu za zamani, lakini hawakuwa na bando.

Mwanafunzi wa kompyuta kutoka chumba cha pili ndiye aliyetuonyesha njia. Alikuja na amri mbili zilizoandikwa nyuma ya karatasi ya mtihani. Ilibidi kufungua lile dirisha jeusi la Windows 7, kuandika mstari wa kwanza wenye jina la mtandao na neno la siri, kisha wa pili: netsh wlan start hostednetwork. Hapakuwa na kitufe cha kubonyeza. Neno la siri lilitakiwa lisipungue herufi nane. Nikawa nafikiria tarehe ya kuzaliwa, namba ya usajili, jina la mtu fulani wa kozi ya sheria. Kijana wa Kasulu akahesabu kwa vidole akasema, "Weka 'karibuni'. Ni nane kamili."

Nikaandika karibuni. Simu zikaanza kulia chumba kizima.

Nimeishi na mistari ile miwili kwa miaka mingi sasa, na kwa sababu nitakayoieleza nimekuwa nikifuatilia ilikotoka. Historia yake inaanzia visiwani. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa Honolulu, na watumiaji waliokuwa mbali nayo, wengine visiwa vingine. Laini za simu zilikuwa ghali na hazikuaminika. Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio. Tatizo likawa hili: wengi wanatumia masafa yaleyale, nani azungumze kwanza? Jibu lao halikuwa na mwenyekiti wala foleni. Kila mmoja atume ujumbe wake anapotaka. Wawili wakigongana, jumbe zao zinaharibika na hawapati jibu. Asiyepata jibu asubiri kidogo, kwa muda usiopangwa, kisha ajaribu tena. Mtandao huo waliuita ALOHAnet, kwa neno la salamu la Hawaii.

Miaka miwili baadaye, katika maabara ya Xerox huko California, Robert Metcalfe aliichukua fikra hiyo akaiboresha, ikazaliwa Ethernet, ambayo mashine zake zilisikiliza kwanza kabla ya kusema. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa kutumia bila leseni baadhi ya masafa ambayo yalikuwa yakionekana kama takataka, yakiwemo yale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na oveni za maikrowevu. Mwaka 1997, baada ya miaka ya vikao vilivyoongozwa na Vic Hayes wa Uholanzi, kikatoka kiwango cha IEEE 802.11, ambacho leo tunakijua kwa jina la Wi-Fi. Kasi yake ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Adabu yake ilikuwa ileile iliyoanzia Hawaii: sikiliza, subiri, na ukikosa jibu, jaribu tena.

Lakini mawimbi ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni anwani. Kila mashine inayozungumza kwenye intaneti inahitaji namba ya kuitambulisha, na mfumo uliotumika tangu miaka ya 1980 una namba takriban bilioni 4.3 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi waliona kwamba zitakwisha. Mwezi Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha kurasa chache zenye pendekezo la kuziba pengo: mashine nyingi zijifiche nyuma ya namba moja. Wenyewe waliliita suluhisho la muda mfupi.

Kwa mtu aliyekulia Tanzania, pendekezo hilo halina ugeni wowote. Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa na sanduku la posta. Barua zote zilikuja kwa S.L.P. ya shule ya msingi. Huko mjini posta walijua namba moja tu; hawakujua kama nyuma yake kuna kaya kumi au mia tatu. Mwalimu ndiye aliyekwenda kuchukua barua, akarudi na kusoma majina mstarini asubuhi. "Mpelekee bibi yako hii." Ndivyo laptopu yangu ilivyofanya. Ombi la simu ya mwenzangu lilifika kwangu, laptopu ikafuta anwani yake ikaandika ya kwake, ikalipeleka nje, na ndani ikabaki na daftari dogo la kukumbuka nani aliomba nini. Jibu likirudi, inasoma daftari na kulikabidhi kwa mwenyewe. Kwa nje, watu wanane tulikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1999 Microsoft waliiweka kazi hiyo ndani ya Windows 98 toleo la pili, ili nyumba yenye kompyuta mbili isilazimike kuwa na laini mbili. Mwaka 2004 watafiti wao, wakishirikiana na Ranveer Chandra, walieleza namna kadi moja ya Wi-Fi inavyoweza kujifanya zaidi ya moja. Wazo hilo likaingia kwenye Windows 7 mwaka 2009, lakini likiwa limefichwa nyuma ya amri za dirisha jeusi. Kwenye Windows 10 kitufe cha kawaida kilikuja mwaka 2016. Simu za Android zilikuwa zimetangulia: tangu toleo la 2.2, mwaka 2010, simu yenyewe iliweza kuwa hotspoti. Na mwezi Februari 2011, mwaka mmoja kabla ya usiku ninaotaka kuusimulia, akiba kuu ya dunia ya zile namba bilioni nne iligawiwa hadi fungu la mwisho. Lile suluhisho la muda mfupi ndilo lililokuwa limebeba watu.

Huku kwetu kulikuwa na historia nyingine iliyokutana na hiyo. Zanzibar iliunganishwa na waya wa telegrafu wa chini ya bahari, kupitia Aden, mwaka 1879. Baada ya hapo, pwani hii ilisubiri miaka 130 kupata mkongo wa kisasa. Kabla ya Julai 2009, ujumbe kutoka Dar es Salaam kwenda Ulaya kwa kawaida ulipanda kwenye setilaiti, karibu kilomita 36,000 angani, kisha ukashuka. Mwezi huo mkongo wa SEACOM ukawashwa, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Wakubwa walisema mengi kuhusu mkongo. Lakini mkongo ulifika ufukweni tu. Kutoka ufukweni hadi mnarani kulikuwa na kampuni. Kutoka mnarani hadi dirishani kwetu kulikuwa na bando. Na kutoka dirishani hadi kitandani, mita kama tatu hivi, nilikuwepo mimi.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Januari. Bumu lilikuwa limechelewa na bando langu lilikuwa likiyeyuka kwa kasi nisiyoielewa. Nikaandika amri inayoonyesha waliounganishwa. Zikatokea mashine sita, kila moja ikiwa na utambulisho wa tarakimu na herufi kumi na mbili, bila jina la mtu. Mmoja wao alikuwa anapakua kitu kikubwa, labda sinema. Sikuweza kujua ni nani. Ningeweza kuuliza, maana wote walikuwa vyumbani au korido ya jirani. Sikuuliza. Nilibadilisha neno la siri, nikaunganisha simu yangu peke yangu, nikaacha laptopu mezani ikipakua tamthilia niliyokuwa nikiifuatilia, nikapanda kitandani. Kitandani kwake.

Kijana wa Kasulu hakuwepo. Alikuwa disikasheni, na baada ya hapo alikwenda kuazima laptopu kwa mtu. Miezi miwili alikuwa akijaza maombi ya ufadhili wa shahada ya pili Uingereza, kidogo kidogo, kila alipopata mashine ya kuazima na nikiwa nimewasha mtandao. Sehemu iliyobaki ilikuwa moja, ya kupandisha barua ya mhadhiri ambayo aliipata jioni ile. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa sita usiku kwa saa za London, yaani saa tisa usiku kwetu. Alirudi chumbani kama saa nane.

Hayo yote sikuyajua. Nilichokijua ni kwamba wakati fulani usiku kitanda kililia, miguu yake ikaja karibu na kichwa changu, nami nikasogea ukutani kumpisha. Asubuhi alikunywa chai akaenda darasani. Niliporudisha karibuni siku mbili baadaye, aliunganisha simu yake kama wengine.

Habari nilizipata baada ya mwezi, kutoka kwa mwingine, kwa njia ya utani. "Jamaa yako alikosa Ulaya kwa ajili ya bando." Nilidhani ni mzaha. Nilipomuuliza mwenyewe alisema, "Nilikukuta umelala, kaka." Ikawa imeishia hapo. Aliendelea kunibeba hadi tulipomaliza mwaka. Msimu uliofuata aliomba tena, safari hii kwenye kibanda cha intaneti mjini, akilipa kwa saa, na hakuchaguliwa. Leo anafundisha hisabati sekondari. Huenda hata usiku ule asingechaguliwa. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini kukosa na kutohesabiwa ni vitu viwili. Wale wa Uingereza hawakumkataa. Hawakuwahi kumwona.

Ninaposoma historia hii ya mashine, naona jinsi watu wenye akili walivyohangaika kwa miongo kuzifundisha zikae pamoja: zipokezane, zisikatane kauli, zigawane jina moja bila kupotezeana barua. Walifaulu. Laptopu yangu haikumpotezea mtu hata herufi moja. Lakini mpango mzima uliegemea jambo ambalo hawakuweza kuliandika kwenye kurasa zao, kwamba pale mlangoni, kwenye ile namba moja inayoonekana nje, kuna mtu, na mtu huyo ana hasira, ana tamthilia, ana usingizi. Mwalimu wetu wa kijijini alijua majina ya wote waliokuwa nyuma ya S.L.P. ile. Mimi nilitazama tarakimu kumi na mbili mara sita, nikafunga.

Laptopu ile bado ninayo. Betri imekufa, lazima ichomekwe umemeni, na bado ina Windows 7. Kabla ya kuandika makala haya niliiwasha nikampigia simu kumwomba ruhusa ya kumsimulia. Alicheka, akasema nisimtaje jina tu, wanafunzi wake wasije wakampa la utani. Kisha akauliza, "Hivi usiku ule uliweka nini?"

Sikukumbuka. Niliporudisha karibuni nilipachika simu tu kumwambia kila mtu. Sikumbuki hata niliwaza nini. Lakini katika laptopu ile ile nilikuwa na faili dogo nilimokuwa nikinakili amri zangu ili nisiziandike upya kila mara. Nikalitafuta tukiwa bado hewani. Lilikuwepo, na mstari wa pili kutoka mwisho ulikuwa wa usiku ule.

"Bandolangu," nikamsomea. "Neno moja."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kengele ya shule upande wake, na watoto wakitoka.

"Mimi niliandika 'karibuni' mara tatu," akasema. "Ya tatu nikaandika polepole, herufi moja moja. Nilidhani nimekosea mimi."