Aliyepotea Vitani

Vita huleta misiba ya aina mbili. Kuna msiba wa aliyekufa na kuna msiba wa aliyepotea. Wa kwanza una siku yake: habari hufika, watu hukaa matanga, kaburi huchimbwa, kisha matanga huanuliwa na maisha yakaendelea. Wa pili hauna siku. Mama hawezi kuanua matanga ambayo hakuna aliyemwambia ayaanze. Kwetu Uchaggani, ambako mtu huzikwa kihambani mwake, jambo hili ni zito zaidi, maana kaburi ndilo linalomwonyesha mtoto babu yake ni nani na ardhi ile imetoka wapi.

Huenda msomaji akadhani kwamba katika zama hizi za mitambo mtu hawezi tena kupotea. La hasha. Mwezi wa Agosti 2012, helikopta 4 za Jeshi la Uganda ziliruka kwenda Somalia. Moja ilifika Garissa salama; tatu za kivita aina ya Mi-24 zikaanguka Mlima Kenya. Wanajeshi, askari wa wanyamapori na wapanda mlima waliingia msituni kuwatafuta waliokuwamo. Baadhi walikutwa hai, na 7 walikufa. Siku zile za kusubiri zilikuwa chache, lakini kwa jamaa zao bila shaka zilikuwa ndefu kama miaka. La muhimu ni hili: walitafutwa, kila mmoja kwa jina lake.

Sisi wa Holili tunaishi katika njia ya vita vilivyopoteza watu wengi kupita kiasi. Leo watu hukijua kijiji chetu kwa forodha, malori na soko la mpakani. Mwaka 1914 mpaka huu ulitenganisha Wajerumani na Waingereza. Mwezi wa Agosti mwaka huo Wajerumani waliiteka Taveta, hapo jirani. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza na Makaburu wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma kwa hasara. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, walirudi tena, wakapigana usiku kucha katika vilima vya Latema na Reata, tarehe 11 kuamkia 12 Machi. Siku chache baadaye Moshi ikawa mikononi mwao.

Katika vita hivyo ndege nazo zilitumika. Kikosi cha 26 cha Waingereza kilirusha ndege zake kutoka Mbuyuni, upande wa pili wa Taveta, kupeleleza maadui. Vita vilipohamia kusini, ndege zilifuata, na huko Rufiji ndiko kulikotokea kisa ninachopenda kukieleza.

Tarehe 6 Januari 1917, rubani Edwin Rowland Moon wa Southampton aliruka juu ya delta ya Rufiji kwa ndege ya kutua majini. Pamoja naye alikuwapo Kamanda Richard Bridgeman, aliyekuwa mtazamaji, yaani mwenye kazi ya kuchunguza maadui kutoka angani. Mtambo uliharibika, wakatua katika mkono mmoja wa mto, wakaiharibu ndege yao isichukuliwe. Kisha walizunguka siku kadhaa katika mikoko bila chakula, katika maji yanayopanda na kushuka, hata wakaunda chelezo. Mkondo ukawapeleka baharini. Bridgeman alikufa kwa uchovu na mateso. Moon alisukumwa ufukoni, akakamatwa na Wajerumani, akaachiliwa mwishoni mwa mwaka huo. Alirudi kwao kurusha ndege tena, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1920. Kaburi lake lipo Southampton.

Nakieleza kisa hiki kwa heshima. Watu wale waliteseka, na ni haki wakumbukwe. Lakini kila nikisomapo habari zao, mawazo yangu hurudi kwa watu wengine waliokuwa katika mito na mabwawa yale yale, mwaka ule ule, nao hawakutajwa na yeyote. Hao ni wapagazi.

Jeshi halikuweza kwenda bila wao. Mbung'o waliua ng'ombe, farasi na nyumbu, na barabara zilikuwa chache. Basi unga, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa kichwani. Wajerumani waliwachukua vijana wa miteremko ya Kilimanjaro, na baada ya Machi 1916 Waingereza nao wakawachukua. Wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hesabu rasmi ya Waingereza ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi ya kweli ilikuwa maradufu au zaidi.

Katika ukoo wetu yumo mmoja wao, ndugu mdogo wa babu yangu. Alichukuliwa akiwa kijana, akaonekana mara ya mwisho akishuka na mzigo kuelekea Kahe. Babu hakusema hata siku moja kwamba nduguye amekufa. Alisema tu, "Hajarudi." Sehemu yake ya kihamba ililimwa na wengine, lakini kwa miaka mingi iliitwa kwa jina lake. Ndiyo iliyokuwa kaburi lake.

Serikali zilifanya nini? Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa au kupotea ilibaki bila kulipwa, kwa hoja kwamba jamaa zao hawakujulikana. Makaburi yao mengi yaliachwa makusudi yarudi porini. Mwaka 1927 ilisimamishwa ile Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam. Ni kazi nzuri, lakini haina jina hata moja. Jina kubwa la wapagazi likabaki sokoni Kariakoo, ambako maelfu hununua na kuuza bila kukumbuka kwamba neno lile limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Ilipita miaka mia moja kabla kosa hili halijakiriwa. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Radhi ni jambo jema, lakini radhi haina majina. Rubani alipopotea alitafutwa. Mpagazi alipopotea alifutwa. Mawe ya makaburini Taveta na Moshi yanatunzwa vizuri, nami nafurahi kuona hivyo. Waliolala chini yake walikuwa watoto wa watu. Lakini majina ya watu wetu hayatatoka London, maana huko hayakuandikwa. Yamebaki katika vinywa vya wazee wachache, katika majina waliyorithi wajukuu, na katika vipande vya vihamba.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Holili, Himo, Rombo na wenzetu wa Taveta: wapeni wanafunzi madaftari. Kila mtoto aulize nyumbani kwao ni nani aliyechukuliwa katika vita vile na hakurudi. Aandike jina, ukoo, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Majina yakikusanyika, yasomwe mbele ya shule nzima, jina moja baada ya jingine, bila haraka.