Pweza, Kasuku na Ndege Njema: Wanyama Waliobashiri Mpira



Katika Kiswahili chetu cha pwani neno "ndege" lina maana mbili. Ndege ni huyu arukaye angani, na ndege ni ishara ya jambo litakalokuja. Mtu akitoka nyumbani alfajiri akakutana na jambo la heri, husema amepata ndege njema. Akijikwaa kizingitini, wazee humwambia hiyo ni ndege mbaya, rudi ndani ukae kidogo ndipo utoke. Wala hatuko peke yetu katika hili. Waarabu wa zama za kabla ya Uislamu waliwatimua ndege na kutazama wanarukia kulia au kushoto kabla ya kufunga safari. Kutokana na neno tayr, yaani ndege, ndipo likapatikana neno tiyara, kuamini nuksi, jambo ambalo Uislamu ulipokuja uliligomea. Wagiriki wa kale nao neno lao la ndege, ornis, lilikuwa pia neno la ishara, hata Aristophanes akalifanyia mzaha katika tamthilia yake ya mwaka 414 kabla ya Kristo.

Nimeanza na lugha kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba kumuuliza mnyama nani atashinda mpira ni kioja kilichozuka na televisheni. Kioja chenyewe ni kipya, lakini mzizi wake ni wa kale sana.

Warumi, kwa mfano, hawakwenda vitani bila ya kuku. Majeshi yao yalibeba vizimba vya kuku watakatifu, na kabla ya mapigano kuku hao walitupiwa chakula. Wakila kwa pupa, miungu imeridhia. Wakikataa, bora kungoja. Mwaka 249 kabla ya Kristo, jemadari Publius Claudius Pulcher alikuwa majini karibu na Drepana, huko Sicily, akijiandaa kuwavamia Wakarthage. Kuku wakagoma kula. Jemadari akahamaki, akaamuru watupwe baharini, akisema kwamba kama hawataki kula basi na wanywe. Siku hiyo Warumi walipoteza merikebu zaidi ya 90, na Claudius aliporudi Roma alishitakiwa na kutozwa faini. Ukiisoma hadithi hii kwa makini utaona jambo moja: kuku hawakuwa wanajua vita. Lakini aliyewadharau alilaumiwa kwa vita vyote.

Karibu zaidi na kwetu ni Wazande, wanaoishi mipakani mwa Kongo, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mtaalamu wa Kiingereza E. E. Evans-Pritchard aliishi nao, na mwaka 1937 akatoa kitabu juu ya uaguzi wao. Wazande walimlisha kifaranga dawa ya sumu iitwayo benge, huku wakiiuliza ile dawa swali: akifa, jawabu ni hili, akipona, jawabu ni lile. Lakini hawakuishia hapo. Walichukua kifaranga wa pili na kuligeuza swali, ili aliyekufa kwanza athibitishwe na atakayepona baadaye. Majawabu mawili yasipokubaliana, uaguzi huo haukuhesabika. Naomba msomaji aliweke hili akilini, kwani tutalirudia.

Sasa tuje kwa pweza. Sisi tuliolelewa Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu tunamjua pweza kwa njia nyingine kabisa: wa kuchoma pale Forodhani, wa nazi, au supu yake ambayo wanaume huisifia kwa sababu wanazozijua wenyewe. Hatukutarajia hata siku moja kumwona pweza akitangazwa katika taarifa za habari kama waziri.

Pweza huyo aliitwa Paul. Alianguliwa Weymouth, kusini mwa Uingereza, Januari 2008, kisha akahamishiwa jumba la samaki la Sea Life katika mji wa Oberhausen, Ujerumani. Jina lake lilitokana na shairi la watoto la Mjerumani Boy Lornsen. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Katika tangi lake viliteremshwa visanduku viwili vya plastiki vinavyoonesha ndani, kila kimoja kimebandikwa bendera ya timu na ndani yake mna chaza. Kisanduku atakachokifungua kwanza, hiyo ndiyo timu itakayoshinda.

Alianza na Kombe la Ulaya la 2008, akiulizwa mechi za Ujerumani tu. Alipatia 4 katika 6. Alikosea ile ya Croatia, na alikosea fainali ambayo Spain ilishinda 1-0 mjini Vienna. Wakati huo hakuna aliyemjali nje ya Ujerumani.

Umaarufu ulimjia mwaka 2010, katika Kombe la Dunia lililochezwa Afrika Kusini, la kwanza kuchezwa katika bara letu. Paul alichagua Ujerumani dhidi ya Australia, nayo ikashinda 4-0. Akachagua Serbia dhidi ya Ujerumani, watu wakamcheka, na Serbia ikashinda 1-0. Akachagua Ujerumani dhidi ya Ghana, Uingereza na Argentina, na zote tatu zikafungwa. Baada ya Argentina kula 4-0 mjini Cape Town, wapo mashabiki waliotoa mapishi ya pweza kwa hasira. Kisha Paul akawaacha wenyeji wake na kuichagua Spain katika nusu fainali. Spain ikashinda 1-0 mjini Durban kwa kichwa cha Puyol. Safari hii ni Wajerumani waliotaka apikwe, na Waziri Mkuu wa Spain wa wakati huo, Zapatero, akatania kwamba atampelekea walinzi. Akamaliza kwa kuichagua Ujerumani dhidi ya Uruguay kwa nafasi ya tatu, na Spain dhidi ya Uholanzi kwa kombe lenyewe. Iniesta alipofunga katika dakika ya 116, Paul alikuwa amepatia 8 kwa 8.

Hakuwa peke yake. Huko Singapore kasuku mmoja aitwaye Mani, wa mpiga bao katika mtaa wa Wahindi, alipatia robo fainali zote nne za mwaka huo, na moja kati ya hizo ni ile ya Uruguay na Ghana iliyotuumiza Waafrika wote. Lakini katika fainali Mani aliichagua Uholanzi. Kasuku akashindwa na pweza, na habari zake zikaishia hapo.

Waliofuata ni wengi. Mwaka 2011 New Zealand ilipoandaa Kombe la Dunia la raga, walimtoa kondoo aitwaye Sonny Wool. Wenzetu wa Dubai mwaka 2014 walikuwa na ngamia wao, Shaheen, akichagua baina ya bendera mbili. Marekani ngamia mwingine, Princess, katika hifadhi ya wanyama ya Popcorn Park huko New Jersey, kwa miaka mingi alibashiri mpira wao wa Kimarekani kwa kuchagua biskuti katika mikono ya mtunzaji wake. Mwaka 2018 Warusi walikuwa na paka Achilles, mweupe na kiziwi, wa jumba la makumbusho la Hermitage huko St Petersburg.

Mwaka huo huo ndipo palipotokea kisa ambacho wavuvi wa kwetu watakielewa kuliko watu wote. Huko Obira, katika kisiwa cha Hokkaido, Japani, mvuvi alimvua pweza mkubwa, akampa jina la Rabio na kumweka katika dimbwi lenye sehemu tatu: kushinda, kushindwa na sare. Rabio alisema Japani itaifunga Colombia, ikaifunga. Akasema itatoka sare na Senegal, ikatoka sare. Akasema itafungwa na Poland, ikafungwa. Hata hivyo mvuvi ni mvuvi, na pweza ni riziki. Rabio alipelekwa sokoni, na wala hakuwahi kuulizwa juu ya mechi ya Ubelgiji. Wahenga walisema mganga hajigangi.

Basi, je, Paul alijua? Magazeti yalipiga hesabu kwamba mtu akirusha sarafu mara nane, nafasi ya kupatia zote ni moja katika 256. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sarafu, lakini pweza wetu hakuwa sarafu. Tazameni chaguo zake. Katika mechi 13 za Ujerumani alizoulizwa tangu 2008, aliichagua Ujerumani mara 11. Yaani alikuwa na mazoea ya bendera ile, na ikasadifu kwamba bendera ile ni ya timu yenye nguvu. Mtu ambaye angeitaja Ujerumani tu, bila ya kufikiri, katika mechi zake zote 7 za mwaka 2010 angepatia 5. Kinachobaki cha ajabu ni chaguo tatu: Serbia, Spain na Spain tena. Na kupatia tatu kwa bahati ni nafasi moja katika 8, jambo linalotokea kila siku penye meza ya karata. Zaidi ya hayo, macho ya pweza hayatambui rangi kama yetu, ila hutambua maumbo na mwangaza. Na bendera za Ujerumani, Serbia na Spain zote zina mistari mipana ya kulala.

Kisha kuna wale tusiowakumbuka. Ukiwapanga wanyama 256 wabashiri mechi nane kwa kubahatisha, tarajia mmoja wao kupatia zote. Huyo atawekwa katika televisheni, na 255 watarudi kula majani. Huko Oberhausen hakuna aliyewahi kumteremshia Paul visanduku mara ya pili na kuzibadilisha bendera pande, ili aone kama atarudia jawabu lile lile. Wazande wa benge, walioandikwa kama mfano wa watu wa ushirikina, walikuwa waangalifu zaidi.

Hapa ndipo penye uchungu kwetu sisi tulio ughaibuni. Februari 2002, mjini Bamako, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika baina ya Mali na Cameroon, polisi walimkamata uwanjani Thomas Nkono, kipa mashuhuri wa zamani na wakati huo kocha msaidizi wa Cameroon, kwa tuhuma za kuweka hirizi. Cameroon ikashinda 3-0, na habari ikazunguka dunia nzima kama kichekesho cha Afrika na uchawi wake. Kocha mkuu wa Cameroon siku hiyo alikuwa Mjerumani, Winfried Schäfer. Miaka minane baadaye taifa zima la Ujerumani lilisimamisha shughuli kumtazama pweza akila chaza, na hiyo ikaitwa burudani. Ni kweli kwamba kubashiri na kuroga si jambo moja, na ni kweli kwamba wengi waliomtazama Paul walikuwa wakicheka. Lakini hata kwetu wanaokwenda kwa mganga kabla ya mechi ya watani, wengi hucheka pia, na huku wanakwenda. Kama ni ushirikina basi uwe ushirikina kote, na kama ni mchezo, uwe mchezo kote.

Mchezo lakini unakoma kuwa mchezo pesa zinapoingia. Mwaka 2010 wapo waliocheza kamari kwa neno la pweza, na kwa bahati yao wakala. Tangu hapo kamari imehamia katika simu. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi huweka "mkeka" kabla ya chai, na mkeka ukichanika, kilichochanika ni karo ya mdogo wake au kodi ya chumba, na pengine ni zile pesa tulizotuma sisi. Wauza ubashiri hutumia ujanja ule ule wa wanyama 256, tena kwa makusudi. Mtu huwaandikia watu 256. Nusu huwaambia timu ya kwanza itashinda, nusu ya pili. Waliopata jawabu sahihi huwaandikia tena, akiwagawa vile vile. Baada ya mechi nane amebaki mtu mmoja ambaye macho yake yameona barua nane za kweli mfululizo. Mtu huyo atauza ng'ombe ili apate barua ya tisa. Waliosema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi walikuwa wamekwisha kuyaona.

Paul alikufa tarehe 26 Oktoba 2010, akiwa na umri wa miaka miwili na miezi kadhaa, umri mkubwa kwa pweza wa jinsi yake. Januari 2011 jumba lile lilimzindulia sanamu: pweza amekaa juu ya mpira, na ndani ya mpira mna majivu yake. Watu waliendelea kulipa kiingilio kwenda kumtazama. Katika kisa chote hiki, kuanzia chaza wa kwanza hadi sanamu, mwenye jumba hakuweka dau hata siku moja, na ndiye aliyepata faida ya hakika. Kijana wa nyumbani akikupigia simu kukuomba pesa za mkeka kwa sababu kuna mtaalamu anayepatia siku zote, msimulie habari hii, kisha umuulize huyo mtaalamu anaishi kwa kucheza au kwa kuwauzia wachezaji.