Chapuchapu: Je, ni Neno la Kiingereza?

Hutokea mara kwa mara katika kazi ya usanifishaji kwamba neno lililozoeleka vinywani mwa watu hutiliwa shaka kwa sababu tu lafanana na neno la kigeni. Chapuchapu ni mojawapo. Wako wanaodai kwamba ni "chop-chop" ya Kiingereza iliyovikwa kanzu ya Kiswahili, na kwamba kwa hiyo halistahili kuandikwa katika barua za ofisi wala vitabu vya shule. Dai hili lafaa kupimwa, kwani neno likifukuzwa hufukuzwa pamoja na jamaa zake, na miongoni mwa jamaa za chapuchapu imo istilahi ya sayansi.

Na tuanze na neno hilo la Kiingereza. "Chop-chop" ni neno la mazungumzo tu, lenye maana ya "fanya hima", na aghalabu husemwa na mwenye kuamuru kwa mwenye kuamriwa. Halikuzaliwa Uingereza. Lilizaliwa kusini mwa China, katika biashara ya bandari ya Guangzhou, ambayo Wazungu waliiita Canton. Tangu mwaka 1757 dola ya Qing iliwafungia wafanyabiashara wa Ulaya waliokuja kwa bahari katika bandari hiyo moja, na hali hiyo ilidumu hadi Mkataba wa Nanking wa 1842. Kumfundisha mgeni Kichina kulikuwa jambo la hatari. Mwaka 1759 James Flint, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, alipeleka malalamiko kwa mfalme. Yeye alifungwa miaka mitatu, na Mchina aliyemsaidia kuyaandika akauawa.

Basi wachuuzi, mabaharia na watumishi walisikilizana kwa pijini. Msamiati wake mwingi ulikuwa wa Kiingereza, kidogo wa Kireno (hata neno lililotumika kutajia miungu ya Wachina, "joss", latokana na Kireno "deus"), na maneno machache ya Kikanton. Miongoni mwa haya wataalamu huhesabu "kap", yaani upesi, lililotamkwa "chop" na kurudufishwa likawa "chop-chop". Henry Yule na A. C. Burnell waliliingiza katika kamusi yao ya Hobson-Jobson ya mwaka 1886. Sehemu ya kwanza ya "chopsticks", jina la Kiingereza la vijiti vya kulia ambalo William Dampier alilichapisha mwaka 1699, nayo huhusishwa na neno hilohilo la haraka. Na kwa kweli jina la Kichina la vijiti hivyo, "kuaizi", lina sauti ileile ya neno la Kichina lenye maana ya upesi.

Sasa turudi nyumbani. Anayeshikilia kwamba chapuchapu ni mkopo ana hoja moja isiyo ya kudharauliwa: maneno ya kigeni yanayoishia kwa p huongezewa u, kama pampu na stempu. Lakini pampu haina kitenzi pampua, ilhali chapu ina kitenzi chapua, yaani kuongeza mwendo. Mtu huchapua miguu njiani. Tena iko chapuo, ngoma ndogo. Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika methali ambayo kila mtoto aijua: bandubandu huisha gogo. Bandu hapa yatokana na bandua. Kitenzi kimeachwa bila irabu yake ya mwisho na shina likarudufishwa ili kuonyesha tendo linalorudiwa. Chapua hadi chapuchapu ni njia hiyohiyo. Hatuhitaji kusafiri hadi China kuitafuta. Umbo la mjini, chapchap, limekatwa irabu na lafanana zaidi na Kiingereza, na nadhani ndilo lililozusha dhana yote hii.

Kutokana na chapua fizikia ya Kiswahili imepata mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi hubadilika kwa muda. Ni istilahi fupi, inayonyambulika, na mwanafunzi asiyepata kuiona aweza kuikisia maana yake. Ingekuwa hasara kuiacha kwa sababu ya sauti mbili zilizogongana kwa bahati.

Na ajabu ni kwamba undugu wa kweli upo, ila haupo hapo unapotafutwa. Kiingereza cha Canton kilikuwa na "chop" nyingine, yenye maana ya muhuri, hati rasmi, au alama ya daraja ya bidhaa. Meli haikuweza kuondoka bila "grand chop", hati ya forodha ya kuiruhusu kusafiri. Neno hilo halihusiani na haraka; asili yake ni Kihindi "chhap", lililopelekwa mashariki na biashara ya bahari. Kihindi hichohicho kilivuka bahari kuja upande wetu, nasi tukapata chapa: chapa ya ng'ombe, chapa ya bidhaa, kupiga chapa, na baadaye chapisha na mchapishaji. Hivyo karani wa forodha wa Guangzhou na mpiga chapa wa Zanzibar walitumia neno la asili moja, wala hapana anayenung'unika kwamba chapa ni ya kigeni.

Watunga kamusi wanaoonyesha asili za maneno wataona wapi pa kutia alama: Kihindi mbele ya chapa, mbele ya chapuchapu, tazama chapua.